Gemu za kifantasia: ulimwengu wake uwe wa ajabu hadi wapi?

MwanaWete

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi na wenzangu wachache hapa Pemba tunatengeneza gemu ya fantasia inayotokea katika visiwa vya kubuni, ambavyo havimo katika ramani yoyote, lakini tunataka kila atakayeviona ahisi kwamba vimezaliwa na bahari hii yetu. Mchezaji anakuwa nahodha kijana wa kike anayesafiri baina ya visiwa hivyo kwa kufuata pepo za msimu, kaskazi inayovuma kutoka kaskazini na kusi inayovuma kutoka kusini, akitafuta sababu iliyoufanya upepo mmoja usirudi tena. Hadithi tumekwisha kuiandika kwa sehemu kubwa na hatuna mzozo juu yake. Tunachogombania ni sura ya ulimwengu wenyewe.

Mwenzetu anayechora anataka visiwa vinavyoelea angani, mikarafuu inayotoa mwanga usiku, na miji yenye minara inayopotelea mawinguni. Anasema mtu hafungui gemu ya fantasia ili aone kile anachokiona kila akitoka nje ya mlango wake, na kwamba watu wa visiwani tumechoka kuoneshwa kama kwamba maisha yetu yote ni makumbusho. Mwenzetu mwengine anashikilia kwamba kila jengo lipimwe kwa magofu tuliyonayo, ya Pujini, ya Ras Mkumbuu na ya Chwaka kule Tumbe. Kila chombo cha bahari kiwe jahazi, dau, ngalawa au mtepe. Na mambo ya ajabu yawe machache, tena yasionekane mara kwa mara. Kwa maoni yake, mchezaji akishaona kila kitu kinang'aa tangu dakika ya mwanzo, hakutabaki kitu cha kumshangaza.

Mimi naelemea upande wa huyu wa pili, lakini kuna jambo linalonizuia nisikubaliane naye moja kwa moja. Gemu nyingi za fantasia tunazocheza zina msingi wa kawaida uliokwisha kujulikana, nao ni Ulaya ya zama za kati: ngome ya mawe, msitu wa misonobari, theluji, mfalme na wapanda farasi wake. Mchezaji wa huko anaijua ngome hiyo tangu utotoni, na kwa hiyo joka likitua juu yake anashtuka, kwa sababu anajua kwamba ngome ni kitu cha kweli na joka silo. Sisi tukiliweka zimwi juu ya paa la nyumba ya Mji Mkongwe, mchezaji wa Malindi au Chake Chake atashtuka vilevile. Lakini mchezaji wa Brazil au Poland, ambaye hajapata kuliona paa hilo, atajuaje kwamba paa ni la kawaida na zimwi ndilo la ajabu? Kwake vyote viwili vitakuwa vigeni kwa kiasi kimoja.

Kwa hiyo naomba mawazo yenu. Je, ulimwengu wa fantasia unaochotwa kwetu unapaswa kuwa wa kawaida zaidi, ili mgeni apate pa kusimama, au tusijishughulishe na jambo hilo na tuiachie ajabu itawale?

FundiChokaa

Waalaikumu ssalamu, ndugu yangu. Kazi yangu ni ukarabati wa nyumba za Mji Mkongwe, na gemu nazicheza na wanangu, kwa hiyo nitajibu kwa upande ninaoujua. Ningependa mchoraji wenu asiulizwe kama mnara wake ni wa ajabu au si wa ajabu. Aulizwe umejengwa kwa kitu gani, nani aliyeujenga, na mvua ya masika ikinyesha maji yanakwenda wapi.

Nyumba zetu zimekuwa hivi zilivyo kwa sababu ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Boriti ni miti ya mikoko, na haiwezi kuvuka nafasi kubwa baina ya ukuta na ukuta. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani, hata zile za matajiri wakubwa, vina upana wa takriban mita 3 tu. Tajiri aliweza kujijengea chumba kirefu apendavyo, lakini chumba kipana hakukipata kwa fedha yoyote. Kuta zikawa nene, madirisha yakawa marefu na membamba, na fahari yote ikahamia mahali ambapo boriti haina amri, yaani kwenye mlango, ambao ulichongwa kwa ustadi kuliko kitu chengine chochote ndani ya nyumba. Ukiangalia vizuri utaona kwamba karibu kila kinachowavutia wageni katika Mji Mkongwe, pamoja na wembamba wa vichochoro na kivuli chake, kina uhusiano na vifaa hivyo na jua letu.

Sasa lifikirieni Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, alilolijenga Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, mwaka 1883. Kwa macho ya leo, mtu aliyezoea majengo ya Dar es Salaam anaweza kulitazama na asione la ajabu. Lakini kwa mtu aliyekulia katika vyumba vya mita 3, zile baraza za juu zenye nafasi kubwa, zilizobebwa na nguzo za chuma zilizouzunguka ukuta wote, pamoja na umeme na lifti ambavyo havikuwahi kuonekana Zanzibar kabla yake, lilikuwa jambo la kumwacha kinywa wazi. Jengo lile lilivunja kanuni ambayo kila mtu mjini aliijua bila ya kufundishwa, kwa sababu aliishi ndani yake.

Hapo ndipo lilipo jibu la suala lako kuhusu mchezaji wa Poland. Huna haja ya kumwandikia maelezo ya ujenzi. Mpitishe kwenye nyumba nyingi, moja baada ya moja, ambazo vyumba vyake vyote ni vyembamba na dari zake zinaonesha boriti zimepangwa karibu karibu. Mwache agombane na wembamba huo anapopigana, anapojificha na anapobeba mizigo. Kisha, akifika kwenye jumba lililojengwa na majini, mfungulie mlango aingie katika ukumbi wenye upana wa mita 40 usio na nguzo hata moja. Atasimama. Hata kama hajui neno boriti, mwili wake umekwisha kujifunza kwamba katika nchi hii ukumbi wa namna hiyo hauwezekani, na kwamba aliyeujenga si mtu.

Jambo jengine ni uchakavu. Nyumba ya chokaa inataka kutunzwa. Paa likivuja boriti huoza, na boriti zikioza ukuta hukosa wa kuushika. Beit al-Ajaib lenyewe, pamoja na ukubwa wake, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na hakuna aliyelipenda jengo lile ambaye hakuumia siku hiyo. Naona gemu nyingi zina miji ambayo haina fundi hata mmoja, haina tanuri la chokaa, haina mtu aliyepanda paani kuziba ufa. Wekeni mafundi. Mji unaotengenezwa mbele ya macho ya mchezaji huaminika haraka sana, hata ukiwa umejengwa juu ya mgongo wa nyangumi.

MchezajiWaNgambo

Nimemsoma fundi kwa heshima, na hoja yake ya ukumbi mpana nimeikubali yote. Nina khofu, hata hivyo, kwamba mazungumzo haya yatawafanya mchague sura ya kawaida kwa kudhani kwamba ndiyo salama, na mimi nimecheza gemu za aina hii kwa miaka mingi kiasi cha kuona kwamba usalama huo una gharama yake.

Chukueni mfano wa gemu mbili za watengenezaji walewale, kampuni ya Bethesda. Mwaka 2002 walitoa Morrowind, inayotokea katika kisiwa cha Vvardenfell. Katikati ya kisiwa kuna mlima wa volkano unaomwaga majivu. Kuna uyoga wenye urefu wa miti. Watu husafiri kutoka mji hadi mji juu ya wadudu wakubwa wenye miguu mirefu. Na katika mji mmoja watawala wanaishi ndani ya gamba la kaa aliyekufa zamani, mkubwa kiasi cha kuingiza majumba. Mwaka 2006 wakatoa Oblivion, ambayo nchi yake ina misitu ya kijani, mashamba na ngome za mawe, ingawa maandishi ya mwanzo kuhusu ulimwengu huohuo yaliieleza nchi hiyo kuwa na msitu mnene wa joto. Zote mbili zilipendwa, na ya pili iliwavutia watu wengi walioiona rahisi kuingilika. Lakini zungumzeni na mtu aliyezicheza zote mbili, kisha mwambieni akuelezeni mahali pamoja anapopakumbuka katika kila moja. Mimi mwenyewe vijiji vya ile ya pili vimenichanganyikia, ilhali gamba la yule kaa naweza kuliingia nikiwa nimefumba macho.

Na kinachonifanya nisikubali kwamba ajabu na uhalisia ni maadui ni minara ya wachawi iliyomo katika Morrowind hiyohiyo. Minara hiyo ni uyoga uliooteshwa kwa uchawi, na ndani yake hakuna ngazi za kumfikisha mtu juu kwa mwenye mnara, kwa sababu wachawi wale wanaelea hewani, na asiyeweza kuelea hawamtaki. Tazameni jinsi jambo hilo lilivyo zito. Kitu cha ajabu kabisa kimefikiriwa hadi kwenye ngazi, na kukosekana kwa ngazi kunakueleza tabia ya wenyeji, kiburi chao na jinsi wanavyomwona mtu asiye na elimu yao, bila ya mtu yeyote kufungua mdomo. Fundi aliuliza mnara umejengwa kwa kitu gani na nani. Hawa walijibu, na jibu lao halikuwa jiwe.

Kwa hiyo mimi sikatai visiwa vinavyoelea. Ninachokataa ni visiwa vinavyoelea kwa sababu tu gemu nyengine zinavyo. Vikiwa vinaelea, basi maji ya kunywa yanatoka wapi? Mazao ya kisiwa kilichoko chini yanaota vipi wakati kivuli kinapita juu yake kila mchana? Nani anamiliki kivuli hicho, na je, watu wamegombana kwa ajili yake? Mchoraji akiweza kujibu, mpeni ruhusa na msimzuie.

Kuhusu mgeni asiyejua kipi ni cha kawaida, mimi naona suala hilo linawapa uzito watu ambao hawajauomba. Gemu ya Aurion, iliyotengenezwa Kamerun na kampuni ya Kiro'o Games na kutolewa mwaka 2016, haikumsubiri mtu wa nje azoeshwe kwanza. Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024 nayo imechota katika visasili vya Wabantu na kumtupa mchezaji ndani yake. Watu waliingia, wakafuata.

Tena tusisahau kwamba visiwa hivi havihitaji kusaidiwa sana ili viwe vya ajabu. Kaa wa nazi anayepanda miti wakati wa usiku, popo wa Pemba ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia takriban mita 1.6 na ambaye hapatikani pengine popote duniani, kima punju wa msitu wa Jozani na uso wake mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe: mkiwachora kama walivyo, mchezaji wa mbali ataamini kwamba mmewabuni. Msije mkaanza kubuni kabla ya kutazama.

MaalimWaNgano

Ndugu zangu, nasomesha fasihi simulizi skuli ya sekondari, na suala hili linanigusa kwa sababu wasimuliaji wetu walilikabili kabla ya kuwepo umeme.

Katika ngano za visiwani, ajabu mara chache huwa ni ya sura. Msimulizi haelezi mlima wa dhahabu kwa maneno mengi. Anaeleza msichana aliyekwenda kuteka maji, kisima kilekile, ndoo ileile, isipokuwa leo kisima kimemjibu. Jini anapokuja kuposa, huja amevaa kanzu na kilemba, anasalimia vizuri, anakaa barazani kama watu, na ni mtoto mdogo peke yake anayeona kwamba miguu yake ina kwato. Hadhira hushikwa na hofu kwa sababu kila kitu kiko sawa isipokuwa kimoja. Lau jini huyo angekuja na moto machoni na pembe kichwani, familia ingekimbia na hadithi ingekuwa imekwisha.

Kuna mfano mwengine ambao si wa ngano bali wa imani za watu. Unguja palikuwa na chui wake, na vijijini iliaminika kwamba baadhi ya chui hao wanafugwa na wachawi, wanalishwa na kutumwa kuwadhuru watu au mifugo yao. Chui wa mchawi hakuwa na rangi tofauti wala taji la moto, alikuwa chui. Kilichobadilika ni suala la nani aliyemtuma. Mwanakijiji akiona nyayo shambani kwake, hakuuliza tu kama mnyama yupo karibu, bali aliuliza nani ana kinyongo naye. Gemu yenu ikiweza kumfanya mchezaji azitazame nyayo za kawaida kabisa kwa wasiwasi wa namna hiyo, mtakuwa mmefanya jambo ambalo picha peke yake haiwezi kulifanya, hata iwe na mng'aro wa aina gani.

Mmezitaja Pujini. Pale kuna mabaki ya ngome ya karne ya 15, na watu wa Pemba wanazo hadithi za mtawala wake, Mkama Ndume: kwamba aliwalazimisha watu wabebe mawe ya ujenzi huku wakisota kwa makalio, na kwamba kisima kilitenganishwa kwa ukuta ili wake zake wawili wateke maji bila ya kuonana. Ukifika pale unaona mawe, kisima na magugu. Sura ya mahali ni ya kawaida kabisa, lakini hadithi imekibadilisha kila kitu, na ukishaisikia huwezi tena kulitazama jiwe moja pale bila ya kumfikiria mtu aliyelibeba. Kwa nini mwenzenu mchoraji asipewe kazi ya kuchora kisima cha namna hiyo, chenye ukuta katikati, na wachezaji wasielezwe sababu hadi wawe wamekwisha kuteka maji pande zote mbili?

Sikubaliani na ndugu yangu wa Ng'ambo katika jambo moja. Anasema mgeni asipewe uzito. Mimi nasema msimulizi yeyote hujali ni nani aliyekaa mbele yake. Kumjali msikilizaji si kumnyenyekea. Tena si wageni pekee. Kijana wa leo aliyezaliwa mjini Unguja huenda hajapata kupanda ngalawa maisha yake yote. Naye anahitaji kuzoeshwa. Mpeni nahodha wenu kazi za kawaida mwanzoni: ajue kutofautisha bamvua, yaani siku za maji makubwa, na maji mafu, siku za maji madogo, aone kwamba akichelewa kuondoka chombo kitakaa mchangani hadi maji yajae tena, ajue kwamba kwa kusi hawezi kulazimisha safari ya kuelekea kusini. Bahari yetu ina tofauti ya zaidi ya mita 3 baina ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua, na pwani ya mashariki ya Unguja maji hukimbia mbali kiasi cha watu kutembea kwa miguu kwenda kwenye mashamba ya mwani. Mtu akishaishi na kanuni hiyo kwa saa chache za mchezo, siku moja muifanye bahari ikupwe na isisimame pale inaposimama siku zote. Iendelee kurudi nyuma, ivuke mwamba, hadi uonekane mji uliokuwa chini. Ajabu hiyo hamtakuwa na haja ya kuieleza kwa neno lolote.

Nina ombi moja, nalo naliomba kwa dhati. Msichukue mahali pa mzimu au pango ambalo watu bado wanalitembelea kwa nadhiri zao na kuliweka kama lilivyo, pamoja na jina lake, ili mchezaji aingie na upanga. Vilevile kisiwa cha Misali, ambacho watu wa Pemba wanakihusisha na Nabii Khidhr, si mahali pa kugeuzwa uwanja wa vita. Hapo ubunifu ni adabu. Jengeni pango lenu, lipeni jina lenu, lipeni masharti yenu.

BiMchoraji

Nafanya kazi ya kuchora kwa kompyuta, na ninavyoona mimi mambo mawili yamechanganywa tangu mwanzo wa mazungumzo haya. Jambo moja ni namna picha ilivyochorwa: je, ngozi ya mtu ina vinyweleo, au ni rangi bapa tu? Jambo la pili ni kanuni za ulimwengu wenyewe: je, mawe huanguka, moto huunguza, watu hula? Gemu inaweza kuwa na picha zisizofanana na uhalisia hata kidogo na bado ikawa na kanuni thabiti kuliko gemu yenye picha za kudanganya macho.

Breath of the Wild ya mwaka 2017 ni mfano mzuri. Picha zake zinakaribia kuwa za rangi ya maji, na hakuna atakayedhani kwamba ameona picha ya kamera. Lakini mvua ikinyesha miamba huteleza na mchezaji hushindwa kuipanda. Majani makavu yakishika moto, moto hufuata upepo na hewa yake ya moto humnyanyua mwenye tanga la kurukia. Radi ikianza, aliyevaa chuma hupigwa. Kwa upande mwengine, Kingdom Come: Deliverance ya mwaka 2018 imeijenga Bohemia, nchi ya Ulaya ya kati, ya mwaka 1403 bila ya uchawi wowote, kwa picha za uhalisia mkubwa, na kazi iliyomo katika nguo na silaha peke yake ni mzigo wa watu wengi kwa miaka mingi. Ninyi ni wachache. Mkichagua picha za uhalisia mtahukumiwa kwa kipimo cha makampuni yenye mamia ya wafanyakazi, na kila mkono uliochorwa vibaya utaonekana. Mkichagua picha zilizorahisishwa kwa makusudi, gemu itafunguka hata kwenye simu za bei nafuu ambazo ndizo walizonazo vijana wengi hapa, na nguvu zenu zitabaki kwa ajili ya kanuni.

Kwa mikarafuu inayong'aa usiku naomba niseme wazi kwamba siipendi. Mimea yenye mwanga wa buluu na zambarau imejaa katika kila gemu, na mkarafuu una uzuri wake ambao haujaguswa: matumba yanayogeuka kutoka kijani kuwa mekundu, majani machanga yenye rangi ya shaba, karafuu zilizoanikwa barabarani juu ya majamvi mpaka njia yote inakuwa ya kahawia. Mkitaka mti uwe wa kichawi, fanyeni msimu wake uwe wa kichawi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na uzalishaji mkubwa ukahamia Pemba. Kisa kimoja cha upepo kikabadilisha utajiri wa visiwa viwili. Gemu yenu inahusu upepo. Sielewi kwa nini mikarafuu iwe taa wakati inaweza kuwa ndiyo sababu ya kila kitu.

Na mwanga, tafadhali. Gemu nyingi zimejifunza mwanga wa nchi za baridi, jua la chini na vivuli virefu mchana kutwa. Kwetu saa sita za mchana jua liko utosini, kivuli kimejikunja chini ya miguu, ukuta wa chokaa unaumiza macho, na magharibi huingia ghafla. Mkiupata mwanga huo sawasawa, hata yule mchezaji wa mbali atajua yuko mahali penye kanuni zake kabla hajaona zimwi lolote.

MwanaWete

Nawashukuru nyote, mmenifungulia mengi. Nimewasomea wenzangu majibu haya usiku, na mchoraji wetu, ambaye nilidhani atanuna, ndiye aliyefurahi zaidi. Ameacha mwanga wa mikarafuu. Visiwa vinavyoelea amevibakisha viwili tu, na ameanza kuchora ramani ya kivuli chake kwa kila saa ya mchana, pamoja na vijiji vilivyohama kukikimbia na kimoja kilichohamia kukifuata kwa sababu ya ukame. Ukumbi usio na nguzo tumeukubali, na bahari inayokupwa kupita mpaka wake itakuwa ndiyo mlango wa sura ya pili.

Limebaki suala la vyombo. Tunataka mtepe uwemo, ule uliofungwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya msumari hata mmoja na wenye tanga la mkeka. Je, tuuchore kama ulivyokuwa, au nao tuuruhusu kubadilika?

FundiChokaa

Uchoreni kama ulivyokuwa, kwa sababu mtepe haupo tena baharini na wengi wataujua kupitia kwenu. Lakini kamba zile mzifanye ziwe na kazi ndani ya mchezo. Chombo cha kushonwa hakiwi kigumu; kikipiga mwamba hujikunja kidogo pale ambapo chombo cha misumari kingepasuka, na kwa upande mwengine huvuja na lazima kishonwe upya kila baada ya muda. Mpeni nahodha wenu kamba, sindano na mtu wa kuyakumba maji. Halafu, kama mnataka ajabu, amueni ni katika kisiwa gani ambapo kamba hizo zinasokotwa, na kwa kitu gani badala ya makumbi.